Damu ya Nani Ndiyo Kipimo?

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilihitaji cheti cha afya ili niombe ufadhili wa masomo. Sikuwa na homa wala maumivu. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimecheza mpira dakika tisini. Majibu ya damu yalipotoka, mstari mmoja uliwekewa mshale wa kuelekea chini. Nyutrofili, yaani chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, zilikuwa 1,200 katika mikrolita moja ya damu. Kiwango cha chini kilichochapishwa pembeni kilikuwa 1,500. Tulirudia kipimo mara mbili, majibu yakawa yale yale. Ndipo likatajwa jambo la kutoboa mfupa wa nyonga ili uboho uchunguzwe. Mama alisikia neno saratani likipita katika mazungumzo. Wiki ile aliuza mbuzi wawili.

Tangu hapo swali moja limenikaa moyoni. Tunapomwita mtu mgonjwa, je, tunaeleza tu jambo lililopo, au tunatenda tendo ambalo tunapaswa kuliwajibikia?

Daktari mwingine aliagiza nipimwe kundi la damu liitwalo Duffy. Kundi hili liligunduliwa London mwaka 1950 katika damu ya mgonjwa wa hemofilia aliyekuwa ameongezewa damu mara nyingi, likapewa jina lake. Linatokana na jeni ya ACKR1 iliyo katika kromosomu ya 1. Jeni hiyo hutengeneza protini inayokaa juu ya chembe nyekundu. Kwa watu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara, badiliko la herufi moja tu ya jeni huifanya protini hiyo isitokee kwenye chembe nyekundu, ingawa hubaki katika sehemu nyingine za mwili. Katika miaka ya 1970, Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba vimelea vya malaria aina ya vivax huitumia protini hiyo kama mlango wa kuingilia. Asiye na mlango huo hupata kinga kubwa, japo si kamili. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba badiliko hilo hilo huambatana na nyutrofili chache katika damu. Wenye hali hiyo hawaugui maambukizi kuliko watu wengine.

Mimi ni mmoja wao. Sikuwa na ugonjwa wowote.

Kwa miaka mingi hali hii imeitwa katika vitabu vya tiba upungufu wa kikabila usio na madhara. Jina lenyewe linajikana. Kama hauna madhara, ni upungufu wa nini? Ni upungufu ukilinganishwa na damu ya wengine, kwa kuwa viwango vingi vilitokana na vipimo vya watu wenye asili ya Ulaya. Na kosa hili haliishii kwenye jina. Huko Marekani, wagonjwa wa akili wenye asili ya Afrika waliweza kunyimwa au kukatishwa dawa ya klozapini kwa sababu ya nyutrofili chache, hata kama uchache huo walizaliwa nao. Mwaka 2015 ndipo mamlaka ya dawa ya huko ilipowawekea kiwango chao.

Mwenzangu wa darasani alinipinga. Kiwango ni mlinzi, alisema; afadhali kuwatisha wazima kumi kuliko kumkosa mgonjwa mmoja. Hoja hiyo ina uzito, kwa maana nyutrofili chache huweza kweli kuwa dalili ya ugonjwa hatari. Lakini hofu nayo ina gharama, na hapa gharama inawaangukia kila mara watu wale wale, ambao kipimo hakikutengenezwa kwa damu yao. Mlinzi anayewakamata watu wa nyumba moja tu kila usiku hawezi kusifiwa kwa uangalifu.

Akauliza tena: tukiweka viwango tofauti, si tutakuwa tumerudi kuwagawa watu kwa rangi? Nakubali kwamba hatari hiyo ipo. Ndiyo maana nasema tupime kundi la Duffy, tusikadirie kwa kutazama ngozi. Wapo Waarabu wa Yemen wasio na protini hiyo, na wapo Waafrika walio nayo. Hata ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana.

Simlaumu daktari wa kwanza. Alisoma karatasi aliyopewa. Ila naamini kwamba anayeandika neno kawaida juu ya karatasi ya maabara ana deni la kueleza ni kawaida ya nani, na sisi tunaoipokea tuna wajibu wa kuuliza. Nilipomweleza Mama habari hizi zote, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo siku zote hizo, mwanangu, hawakuwa wanakupima wewe."