Namba Isiyomngoja Mtu

Kila mwaka huwaandikia wanafunzi wangu ubaoni 170141183460469231731687303715884105727, yaani 2 kwa kipeo cha 127, toa 1. Mtawa Mfaransa, Mersenne, aliitaja kuwa namba tasa mwaka 1644; Édouard Lucas akathibitisha mwaka 1876, kwa mkono, bila kompyuta. (Chaki yangu huchoka kwa kuinakili tu!)

Je, kabla ya Lucas ilikuwa tasa? Wapo wasemao hesabu ni utunzi wa akili zetu. Siwaamini. Mersenne huyohuyo aliitaja pia 2 kwa kipeo cha 67, toa 1, akakosea: hiyo hugawanyika kwa 193,707,721. Mtunzi hukosolewa na nani katika utunzi wake mwenyewe? Ile ya kwanza hata Mungu, nadhani, haigawi, na hilo halimpunguzii uweza.