Mama aliyeapa mlangoni



Mama mmoja wa parokia yetu alikosa Ushirika Mtakatifu mara mbili zenye kufuatana. Ni mtu wa sala, haachi ibada hata siku ya mvua. Nilimwendea kwake kumwuliza. Alikaa kimya kwanza, kisha akanieleza jambo la mwisho wa Januari 2025, wakati vita vilipoingia Goma. Kijana wa jirani yake alikimbilia nyumbani mwake. Alimlaza chini ukutani na kumfunika kwa mifuko ya makala. Muda kidogo watu wenye silaha wakagonga. Wakauliza kama kuna mwanaume humu ndani. Akajibu kwamba hakuna. Mmoja wao akamwambia aape kwa jina la Mungu. Akainua mkono, akaapa. Wakaenda zao. Kijana yule yuko hai mpaka leo.

«Papa Mchungaji,» akaniambia, «mimi niko Petro. Niliapa uongo mbele ya watu, kama yeye kwenye ule moto. Namna gani nitanyosha mkono kwa Ushirika?»

Kabla yangu alikuwa ameuliza watu wawili. Mzee mmoja alimjibu kwamba uongo ni uongo, akamfungulia Ufunuo 21:8, pale waongo wanapohesabiwa pamoja na wauaji. Kijana mmoja wa kwaya alimwambia asijisumbue, wakati wa vita Mungu hahesabu. Majibu yote mawili yalimwacha na mzigo wake. La kwanza linafanya kana kwamba kijana yule hakuwa chini ya makala. La pili linafanya kana kwamba jina la Mungu halikutajwa.

Tufungue Biblia, lakini tusisome mstari mmoja tu. Katika Kutoka 1, Farao anawaamuru wazalishaji Shifra na Pua kuua watoto wanaume wa Waebrania. Hawakuwaua. Farao alipowauliza, wakamjibu kwamba wanawake wa Kiebrania wanazaa upesi, kabla mzalishaji hajafika. Na imeandikwa kwamba Mungu aliwatendea mema, akawajengea nyumba, kwa sababu walimcha. Katika Yoshua 2, Rahabu anawaficha wapelelezi juu ya dari, chini ya mabua ya kitani, anawaambia watu wa mfalme kwamba wageni wamekwisha kutoka. Mama yetu alikuwa na makala, Rahabu alikuwa na kitani. Waebrania 11:31 inamweka Rahabu kati ya watu wa imani, na Yakobo 2:25 inasema alihesabiwa haki kwa matendo.

Agustino aliliona neno hili zamani sana. Alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa Thagaste, katika inchi inayoitwa leo Algeria, na askofu wa Hippo. Yeye alifundisha kwamba kila uongo ni zambi, hata ule wa kuokoa mtu. Wazalishaji, alisema, walibarikiwa kwa huruma yao, siyo kwa uongo wao. Tena alieleza habari za Firmo, askofu wa Thagaste wa zamani. Firmo alimficha mtu aliyetafutwa na Kaisari. Watumishi wa Kaisari walipofika, aliwajibu kwamba hawezi kusema uongo na hawezi kumtoa mtu. Waliutesa mwili wake, hakugeuka. Mwisho wakampeleka mbele ya Kaisari mwenyewe, naye alishangaa sana kwa uthabiti wake hata akamsamehe yule aliyefichwa.

Naiheshimu sana habari hii. Kama kuna mtu kati yetu aliye na nguvu ya Firmo, Mungu amtie nguvu zaidi. Lakini nauliza: Firmo alikuwa na ukumbi wa Kaisari wa kufika, na muda wa kuteswa. Mama wetu alikuwa na chumba kimoja na mlango wa mbao. Kama angesema «sitajibu», macho ya wale watu yangekwenda wapi? Yangekwenda kwenye mifuko. Kuna saa ambapo kunyamaza ni kunyosha kidole. Bei ya usafi wa kinywa chake ingelipwa na kijana, siyo na yeye. Hapo mimi siwezi kumfuata Agustino mpaka mwisho.

Tuangalie pia ile amri yenyewe. Kutoka 20:16 inakataza ushahidi wa uongo juu ya jirani, yaani maneno yanayomwangusha jirani. Mwongo wa amri ile anasimama mbele ya wazee na ulimi wake unampeleka mtu asiye na kosa kwenye kifo. Watu wale mlangoni walimtaka mama awe shahidi juu ya jirani. Alikataa.

Na Petro? Hapa ndipo nilipokaa sana na mama huyu, kwa sababu jina hilo ndilo lililomfunga. Maneno yao yanafanana kweli, na wote wawili waliapa. Lakini Petro aliapa ili yeye mwenyewe aokoke, na Bwana wake alikuwa ndani, mikononi mwa maadui. Alimwacha rafiki ili aokoe ngozi yake. Mama alitia ngozi yake hatarini kwa mtoto asiye wake. Kama wangeinua mfuko mmoja tu, yeye angekufa wa kwanza.

Sisi wa Kanisa hili tunajua neno la kufichwa. Papa Simon Kimbangu alianza kuponya huko Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Tarehe 6 Juni askari walikuja kumkamata, akawaponyoka. Serikali ya Wabelgiji ilimtafuta kwa miezi mitatu bila kumpata. Mtu hafichwi miezi mitatu vijijini bila watu wengi kuulizwa na kujibu kwamba hawajui. Tunawaita watu wale waongo? Watoto wao tunawaheshimu. Lakini tarehe 12 Septemba yeye mwenyewe alirudi Nkamba, akajitoa bila kuruhusu watu wapigane. Mbele ya mahakama ya kijeshi hakukana kazi aliyoitiwa. Tarehe 3 Oktoba alihukumiwa fimbo 120 na kifo, kisha Mfalme Albert akageuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Alikufa gerezani Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Wengine walifunga vinywa juu yake, lakini yeye juu ya nafsi yake alisema kweli.

Kwa hiyo ninaogopa mtu asichukue karatasi hii kama ruhusa. Daudi alimdanganya kuhani Ahimeleki kwamba mfalme amemtuma. Alikuwa na njaa na hatari, ndiyo. Lakini alimdanganya rafiki, akamnyima nafasi ya kuchagua hatari kwa macho wazi, na makuhani 85 walikufa kwa upanga. Daudi alikiri mwenyewe kwamba yeye ndiye sababu (1 Samweli 22:22). Na sisi tunajua uongo mwingine uliozaliwa na vita: kuandikisha watoto wasiokuwapo ili kupata chakula cha wakimbizi wawili, kuuza kiwanja cha mtu aliyekimbia, kusema sadaka iliibiwa njiani kwenye barieri kumbe imeliwa. Wote wanaofanya hivyo watasema ni juu ya vita. Nani alikuwa chini ya makala yao?

Nilimweleza mama mambo haya kwa kirefu kuliko nilivyoandika hapa. Alisikia vizuri. Kisha akasema neno ambalo sikulitazamia. Alisema kinachomtesa siyo kwamba alidanganya, ni kwamba kinywa chake hakikutetemeka. Jina la Mungu lilitoka kirahisi, kama jina la jirani.

Sikuwa na mstari wa kumpa. Nilimwambia kwamba jina lile liliporwa kinywani mwake kwa bunduki, na kwamba mwenye jina anajua ni nani aliyelipora. Tukapiga magoti palepale, kando ya mifuko, maana bado anauza makala. Tulisali kwa muda mrefu, na nusu ya maombi yake yalikuwa kwa wale watu waliogonga.

Ushirika unaokuja ameahidi kufika. Ameomba jambo moja tu, kwamba mama mzazi wa yule kijana aketi karibu naye.