Uso kwa Uso



Programu ya Skype ilianza mwaka 2003, ikafungwa Mei 2025. Wengi walionana kwayo bure, wakilipia intaneti tu. Siku hizi sisi wa Naliendele twawaona wajukuu walio Dar es Salaam kwa WhatsApp, nasi twamshukuru Mungu.

Lakini Mtume Yohana, katika waraka wake wa pili, hakupenda kumaliza yote kwa karatasi na wino. Alitumaini kufika mwenyewe. Je, jirani yetu mgonjwa, ambaye nyumba yake i karibu, tumempigia simu tu? Picha haimpi maji, wala haimshiki mkono. Jumapili hii tukitoka kanisani, twendeni kwake.

Mungu atusaidie. Amina.