NI NANI UTAMPA AMANA YA USO WAKO?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.



Ijumaa hii tuzungumze juu ya jambo ambalo wazee wetu hawakuulizwa, lakini sisi tunaulizwa. Mtu akitaka kupasuliwa uso ili nyusi zake zilizoshuka zipandishwe juu, je, dini inamruhusu? Na kama inamruhusu, amchague munganga gani? Usiseme kwamba haya ni mambo ya matajiri wa Ulaya. Leo watoto wetu wako Bruxelles na Paris. Wanatuma picha kwa telefoni, wanatuma na pesa. Swali limekwisha kufika mlangoni kwetu.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana anayefundisha watu asijifiche nyuma ya kitabu.

Mama mmoja alinijia baada ya sala ya Alasiri, akasema: "Shehe, mtoto wangu aliye Ulaya anataka kunilipia nipandishwe nyusi. Ni halali?" Sikumwangalia vizuri. Nilikumbuka mara moja Hadithi ya Ibn Masud (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inayowalaani wanawake wanaong'oa nyusi na kuachanisha meno kwa ajili ya urembo. Nikamjibu: "Mama, hiyo ni haramu." Akashukuru, akaenda zake.

Miezi ikapita. Siku moja nikamkuta sokoni akipima mchele. Mkono mmoja ulishika kipimo, na kidole cha mkono wa pili kilinyanyua nyusi ya kuume ili jicho lipate kuona. Ndipo nikauliza, na nilipaswa kuuliza tangu siku ile ya kwanza. Akaniambia kwamba uso wake ulipooza upande mmoja zamani. Mdomo ulipata nafuu, lakini nyusi ilianguka juu ya jicho na haikupanda tena. Alikwisha kujikwaa na kuanguka mara mbili. Mama yule aliniuliza juu ya jicho lake, na mimi nilimjibu juu ya kioo. Nilimwomba msamaha pale pale, mbele ya watu.

SWALI LA KWANZA: UNATAKA NINI?

Sura An-Nisaa, aya ya 119, inatupa habari kwamba Ibilisi aliapa kuwaamrisha watu wageuze maumbile ya Mwenyezi Mungu. Hilo ni onyo kubwa, tusilifanyie mchezo. Lakini angalia upande wa pili. Sahaba Arfaja bin As'ad (R.A.) alikatwa pua vitani. Akatengeneza pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru atumie ya dhahabu. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Dhahabu imekatazwa kwa mwanaume, lakini kwa haja ile aliruhusiwa. Hapa tunajifunza kwamba kurudisha kilichoharibika si kugeuza maumbile.

Hapa kwetu Congo hatuhitaji kwenda mbali kuona mfano. Hospitali ya Panzi, huko Bukavu, imefanya kazi tangu mwaka 1999 ya kushona miili ya wanawake walioraruliwa na uzazi mgumu na kwa unyama wa vita. Nani mwenye akili atasema kwamba kazi ile ni kugeuza alichoumba Allah?

Mwaka 2007 wanavyuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi walikutana Putrajaya, Malaysia, wakalitazama jambo hili. Walitenganisha namna mbili. Kuondoa kilema na madhara, hata kilema cha ajali au kovu la moto linalomtesa mtu moyoni, kunaruhusiwa kwa masharti. Kupasua mwili mzima kwa kufuata matamanio tu, hakuruhusiwi.

Basi wewe dada unayetazama kioo na kuona miaka imepita usoni, sikukemei. Najua uchungu wake. Lakini uzee si jeraha. Mwenyezi Mungu hakukunyang'anya kitu, amekupa umri ambao wengi hawakuupata. Kama nyusi imeshuka kwa uzee mpaka inafunika jicho, huo ni ugonjwa wa kuona, tibiwa. Kama jicho linaona na moyo ndio unaolalamika, tibu moyo kwanza. Kipimo si idadi ya miaka yako, kipimo ni madhara.

SWALI LA PILI: MUNGANGA GANI?

Nilifikiri kwamba nikimwambia mama "ni halali" nimemaliza kazi. Kumbe swali gumu lilikuwa linakuja. Mtoto wake alikwisha kupata waganga wawili.

Wa kwanza alizungumza kwa telefoni tu. Alituma picha za watu kabla na baada, akataja bei, akataja siku, akaahidi kwamba mama atarudi kama msichana. Hakuuliza hata kama jicho linaona.

Wa pili alimkalisha mama mbele yake. Alinyanyua nyusi kwa mkono, akatazama kama kope lenyewe lina nguvu ama limelegea. Aliuliza kama jicho linafunga vizuri wakati wa kulala, kama linakauka, kama mama anatumia dawa za tansio. Mwishoni akasema: "Operesheni hii sikuifanya mara nyingi. Yuko mwenzangu anayeifanya kila mara. Nitakuandikia barua kwake."

Watu wa nyumbani wakasema: huyu wa pili anaogopa, tumwache. Mimi nikawaambia: huyu ndiye aliyewaonyesha amana.

Kwa nini? Kwa sababu operesheni hii si kukata nywele. Wengine hupasua ngozi ya kichwa ndani ya nywele, kutoka upande wa sikio moja hadi la pili. Wengine hufungua matundu madogo na kuingiza kamera ndogo. Wengine hukata juu ya nyusi yenyewe. Kila njia ina watu wake. Damu inaweza kutoka nyingi, kidonda kinaweza kuoza, ngozi ya kichwa inaweza kufa ganzi, nyusi moja inaweza kupita nyingine. Tena mshipa wa fahamu unaonyanyua nyusi unapita karibu na panga la uso. Ukiumizwa, nyusi haitapanda kwa nguvu zake. Na jicho lisilofunga vizuri, ukilipandishia nyusi kupita kiasi, litabaki wazi na kukauka. Yule aliyeuliza maswali alikuwa analinda jicho. Yule aliyetoa ahadi alikuwa anauza.

Imepokewa katika Hadithi, kwa Abu Daud na wengine, kwamba anayejifanya tabibu bila kujulikana kwa utabibu, huyo anawajibika kulipa madhara aliyoyaleta. Lakini ndugu yangu, malipo hayarudishi jicho. Kwa hiyo uliza kabla ya kulala kitandani:

1. Umesomea wapi kazi hii, na operesheni kama hii umeifanya mara ngapi?
2. Madhara gani yanaweza kunipata, na yakinipata nitakuona wapi?
3. Iko njia nyingine isiyo na kisu?
4. Nani atakayenilaza usingizi, na ana vyombo gani?

Akikasirika kwa kuulizwa, ondoka.

Wengine wananiambia: "Shehe, mponyaji ni Allah, haina haja ya kuchagua sana." Ni kweli, mponyaji ni Yeye. Lakini Mtume (S.A.W.) alimfundisha mtu amfunge ngamia wake kisha ategemee kwa Mola. Wengine wanauliza kama ni lazima munganga awe Muislamu. Katika safari ya Hijra, Mtume (S.A.W.) na Abu Bakr (R.A.) walimkodi Abdullah bin Urayqit awaongoze njia, na hakuwa Muislamu. Alikuwa mjuzi na alikuwa mwaminifu. Tafuta hayo mawili. Kwa mwanamke, munganga mwanamke mwenye ujuzi huo ndiye wa kwanza. Asipopatikana, mwanaume anaruhusiwa kwa haja, na jamaa yake awe karibu.

Na sisi maimamu tuna fungu letu. Mtu akituuliza, tumtazame usoni kabla ya kufungua mdomo. Fatwa ya haraka nayo ni kisu katika mkono wa asiyejua kupasua.

Ninapoandika haya, mama yule anayo barua mkononi na anangoja siku yake ya safari. Mwombeeni.

Ewe Mola wetu, tuponyeshe kwa dawa iliyo halali, utupe waganga waaminifu, uturidhishe na nyuso ulizotupa, na utusamehe tuliyoyasema bila kujua. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.