Hekalu Lililobaki Msingi

Mwaka 520 kabla ya Kristo, Yerusalemu haikukosa mafundi. Waliorudi kutoka uhamishoni Babeli kwa ruhusa ya Koreshi, mfalme wa Uajemi, walishajijengea nyumba na kuzipamba kwa mbao. Hekalu? Lilibaki msingi, kazi imelala takriban miaka 16.

Ni kweli, majirani waliwatia hofu. Lakini hofu hiyo haikuzigusa mbao za sebuleni! Walijitetea kwamba wakati haujafika, kana kwamba Mungu aliyewatoa Babeli angeshindwa na ujenzi. Mkristo wa leo naye ana viporo vyake: ahadi ya harambee, mgonjwa ambaye hajaenda kumjulia hali, ada ya yatima; akiulizwa, anajibu, “Mungu akipenda.”

Nabii Hagai hakuzunguka. Aliwaonyesha mavuno haba na ujira usiokaa, akawatuma mlimani kuleta miti. Siku 23 baadaye, liwali Zerubabeli na kuhani mkuu Yoshua walikuwa kazini pamoja na watu.

Tatenai, mtawala wa Kiajemi, alifika kuuliza nani kawaruhusu. Barua yake ikasafiri hadi kwa mfalme Dario. Watu wakaendelea kujenga, na mwaka 515 hekalu likakamilika.