Ni Nani wa Kusema Mafuta Yametosha?

Andiko la wiki: Matendo ya Mitume 27:9–26, Mwanzo 41:33–36



Ndege ya Nairobi ikitua hapa Lodwar tunasema, "Rubani ametufikisha salama." Ni kweli, lakini kuna mtu mwingine ambaye hatumwoni. Kabla ndege haijaondoka, huyo ameketi ofisini akipiga hesabu ya hali ya hewa, upepo, uzito wa abiria na mizigo, na mafuta. Ndiye mpangaji wa safari. Mara nyingi yeye na rubani wanaelewana. Wasipoelewana, mara nyingi wanabishania jambo moja: mafuta kiasi gani yanatosha?

Swali hilo ni letu pia. Mnajua mjadala uliopo kuhusu mfuko wa huruma. Wengine wanasema pesa yote itolewe sasa, ndugu zetu wa Kakuma mgao umepungua na njaa haingoji kikao. Wengine wanasema tubakishe akiba, kwa sababu kiangazi hakijaisha. Nimesikia hawa wakiitwa watu wasio na imani, na wale wakiitwa watu wasio na akili. Wapendwa, tusifike huko. Tuwasikilize kwanza hawa wawili wa ndege.

Mpangaji anasema mafuta ni mzigo, na ndege hula mafuta ili kubeba mafuta. Katika ndege kubwa, takriban asilimia 3 hadi 4 ya mafuta ya ziada huisha kila saa kwa kazi ya kuyabeba tu. Halafu kuna jua letu. Hewa ya joto ni nyepesi, haiinui mabawa vizuri, kwa hiyo saa nane mchana ndege haiwezi kupaa na uzito ambao ingepaa nao alfajiri. Ukiongeza mafuta, pengine sanduku la dawa linabaki, au abiria anabaki. Basi anayesema "punguza" si lazima awe bahili. Pengine anamtetea mtu atakayeachwa uwanjani.

Rubani naye anasema karatasi haijui kila kitu. Haijui kama vumbi litafunika kiwanja, au kama mbuzi watakuwa wameingia njiani ikabidi azunguke. Tena mpangaji atalala kwake leo, liwe liwalo. Rubani yuko ndani ya ndege pamoja na watu. Anayesema "ongeza" si lazima awe mwoga.

Mimi nilisoma biashara, na darasani tulifundishwa kwamba pesa iliyolala ni hasara. Nyumbani nilifundishwa kwamba akiba haiozi. Mafundisho yote mawili yana ukweli, ndiyo maana ubishi huu hauishi kwa kelele. Unahitaji utaratibu.

Watu wa ndege wanao utaratibu. Kanuni za kimataifa zinataka yawepo mafuta ya safari yenyewe. Juu yake nyongeza ya mambo yasiyotarajiwa, kwa kawaida asilimia 5. Tena mafuta ya kwenda kiwanja kingine ikiwa cha kwanza kimefungwa. Na mwisho, kwa ndege za injini za jeti, akiba ya dakika 30 za kuzunguka hewani. Akiba hiyo haipangwi kutumiwa. Rubani anaweza kuongeza juu ya kiwango hicho, lakini hakuna anayeruhusiwa kushuka chini yake. Kule Marekani, sheria ya mashirika makubwa inamfanya rubani na mpangaji wawajibike pamoja kwa mpango wa safari. Mmoja akikataa, ndege haiondoki. Kwa hiyo wanabishana, ndiyo, lakini wanabishana juu ya sakafu. Sakafu yenyewe haibishaniwi.

Sakafu ikipuuzwa, watu wanakufa. Tarehe 28 Novemba 2016, ndege ya kampuni ya LaMia ilitoka Santa Cruz, Bolivia, kwenda Medellín, Kolombia, ikiwa na timu ya kandanda ya Chapecoense kutoka Brazili. Mpango wake ulionyesha safari ya saa 4 na dakika 22. Mafuta nayo yalikuwa ya saa 4 na dakika 22. Ofisa wa uwanjani aliliona jambo hilo akahoji. Akajibiwa kwamba nahodha anasema yatatosha. Yaliisha karibu na kufika, ndege ikaanguka mlimani. Watu 71 walikufa, 6 wakapona. Aliyemjibu ofisa alikuwa miongoni mwa waliokufa. Na nahodha alikuwa mmoja wa wenye kampuni. Mwenye kulinda watu na mwenye kulinda faida walikuwa mtu mmoja, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwambia hapana akasikilizwa.

Sasa soma Matendo 27. Paulo, mfungwa, anaonya kwamba safari italeta hasara. Akida anamwamini nahodha na mwenye merikebu. Wataalamu wamekubaliana, na wengi wanawaunga mkono. Waliokuwa ndani ni watu 276. Mungu aliwaokoa wote, lakini merikebu ilivunjika. Neema iliwafikia, haikulifanya shauri lile kuwa jema.

Mtu ataniuliza, "Pasta, na mjane wa Sarepta?" Yule alitoa unga wa nyumba yake mwenyewe, baada ya neno la Bwana kumfikia. Hakutoa unga wa jirani. Mfuko wa huruma si wangu wala wa kamati. Ni mafuta ya abiria.

Hapo ndipo kipimo kilipo. Tajiri mpumbavu wa Luka 12 aliweka akiba kwa ajili ya nafsi yake, akahukumiwa. Yusufu aliweka sehemu ya tano ya mavuno kwa ajili ya watu, wakaishi. Ghala ni ghala tu. Uliza limejengwa kwa ajili ya nani.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu.

Kwanza, tuandike sakafu ya mfuko sasa, tukiwa tumetulia. Kilicho juu ya sakafu kitolewe bila woga. Kukikalia ilhali watoto wanalala njaa ni dhambi, hata tukiiita busara.

Pili, anayeshika pesa na anayewakabili wenye njaa wakae meza moja, na kila mmoja aweze kusema hapana. Mama anayepika uji Kakuma anajua kitu ambacho daftari la mweka hazina halijui. Daftari nalo linajua kitu ambacho mama hajui.

Tatu, siku ikifika ya kugusa akiba, tuiguse, lakini tutangaze. Januari 1990 ndege ya Avianca ilizunguka ikisubiri kutua New York. Wahudumu wake walisema mafuta yanaisha, lakini hawakutamka neno rasmi la dharura. Watu 73 walikufa. Akiba iliyoliwa kimyakimya haimwamshi yeyote aje kusaidia.

Imani haikatazi kuhesabu, na hesabu haikatazi kutoa. Kinachomchukiza Bwana ni moyo unaotumia imani kukwepa hesabu, au hesabu kukwepa jirani.

Kwa ushirika wa nyumbani, Jumatano: Katika nyumba yako, ni nani anaruhusiwa kukuambia "haitoshi"? Na mara ya mwisho alipokuambia, ulimsikiliza?

Tuombe: Bwana, utupe mioyo ya kutoa, akili ya kubakiza, na masikio ya kumsikia mwenzetu kabla hatujaondoka. Amina.