Brigita: Jina la Ubatizo na Asili Yake

Brigita, ambalo Tanzania huandikwa pia Brigitha, ni jina la ubatizo lenye asili ya Ireland. Kabla ya Ukristo, Brigit, yaani aliyetukuka, alikuwa mungu wa kike. Kamusi ya kale inayohusishwa na Cormac, askofu na mfalme wa Munster aliyefariki mwaka 908, inamtaja kuwa binti wa mungu Dagda aliyeabudiwa na washairi; dada zake wawili, mmoja wa uganga na mwingine wa uhunzi, waliitwa jina hilohilo.

Aliyelifanya jina hilo kuwa la Kikristo ni Mtakatifu Brigita, abesi wa Kildare, anayesadikiwa kufariki mnamo 525. Ireland ya kale ilikuwa na wanaume walioitwa Máel Brigte, yaani mtumishi wa Brigita. Jina lilivuka bahari hadi Skandinavia, akalichukua Mtakatifu Birgitta wa Sweden (1303–1373). Ndiyo maana Brigita mmoja huadhimisha somo wake tarehe 1 Februari, na mwingine 23 Julai.

Nchini Tanzania, uhusiano na Ireland unaonekana Endasak, chini ya Mlima Hanang, eneo la Jimbo Katoliki la Mbulu, lililohudumiwa na wamisionari Wapalotini kutoka Ireland. Mbulu ilifanywa jimbo mwaka 1953, na askofu wake wa kwanza alikuwa Patrick Winters, Mpalotini. Wakati huo ilitumika kanuni ya 761 ya sheria ya Kanisa ya 1917: paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, wazazi wakikataa, aongeze jina la mtakatifu na kuandika yote mawili katika kitabu cha ubatizo.

Je, jina la Kiiraqw, lugha ya eneo hilo, kama Tluway, yaani mvua, lina upungufu mbele ya ubatizo? Jina la mtakatifu humpa mtoto mwombezi na mfano wa kuiga, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini si sharti la imani. Kila jina la mtakatifu lilianza bila mtakatifu, na Brigit lilitoka kwa mungu wa kipagani kabisa. Lilitakaswa na maisha ya aliyeitwa hivyo. Kanuni ya 855 ya sheria ya Kanisa ya 1983 inakubaliana na hoja hiyo: inakataza tu jina lililo geni kwa hisia za Kikristo. Mvua, neema ya Mungu kwa mkulima na mfugaji wa Hanang, haimo katika katazo hilo.